Nasaba na majina ya ukoo ya Wakanada Wafaransa

Nasaba ya Wakanada Wafaransa ni utafiti wa koo za watu wanaotokana na walowezi Wafaransa waliohamia Kanada katika karne ya 17 na ya 18, hasa katika eneo ambalo leo ni jimbo la Quebec. Nasaba hizo zinajulikana kwa ukamilifu ambao ni nadra duniani. Mtu wa kawaida mwenye asili hiyo, hata kama babu zake walikuwa wakulima wasiojua kusoma, mara nyingi anaweza kufuata ukoo wake kizazi baada ya kizazi hadi kwa mtu wa kwanza aliyevuka Bahari ya Atlantiki, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia.

Sababu kuu ni mbili. Kwanza, tangu mwanzo wa koloni mapadre waliandika ubatizo, ndoa na mazishi ya karibu kila Mkatoliki. Pili, wanawake waliandikwa kwa jina lao la kuzaliwa hata baada ya kuolewa. Hata hivyo, jina la ukoo peke yake si mwongozo wa kuaminika, kwa sababu familia nyingi zilikuwa na majina mawili, zilibadilisha jina au zililitafsiri kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtafiti hufuata ndoa, si jina.

## Asili ya walowezi

Mji wa Quebec ulianzishwa na Samuel de Champlain mwaka 1608, Trois-Rivières mwaka 1634 na Montréal mwaka 1642. Familia ya kwanza kulowea Quebec moja kwa moja ilikuwa ile ya Louis Hébert, mtengenezaji wa dawa kutoka Paris, aliyefika mwaka 1617 pamoja na mke wake Marie Rollet na watoto wao watatu.

Koloni, lililoitwa Ufaransa Mpya, lilikua polepole. Sensa iliyofanywa mwaka 1666 chini ya Jean Talon, mtendaji mkuu wa mfalme, ilihesabu watu 3,215 wenye asili ya Ulaya, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Ili kurekebisha hali hiyo, kati ya miaka 1663 na 1673 mfalme Louis XIV aligharamia safari ya wanawake 800 hivi waliokuja kuolewa huko. Wengi wao walikuwa yatima au maskini. Wanajulikana kama "mabinti wa mfalme" (kwa Kifaransa: *filles du roi*). Mwaka 1665 kilifika pia kikosi cha Carignan-Salières chenye askari zaidi ya 1,000, na takriban 400 kati yao walibaki wakawa wakulima.

Walowezi wengi walitoka mikoa ya magharibi na kaskazini ya Ufaransa, kama vile Normandie, Perche, Poitou, Aunis na Saintonge, na vilevile Paris na eneo lake.

Mwaka 1763, kwa Mkataba wa Paris, Ufaransa iliiachia Uingereza koloni hilo lenye wakazi Wafaransa takriban 70,000. Tangu hapo uhamiaji kutoka Ufaransa ulikoma karibu kabisa, na jamii iliongezeka kwa uzazi tu. Matokeo yake ni kwamba mamilioni ya watu wa leo wanatokana na maelfu machache ya wahenga, na Wakanada Wafaransa wawili wasiojuana mara nyingi ni ndugu wa mbali kwa njia zaidi ya moja. Wote wenye jina la Tremblay, ambalo ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Quebec, wanatokana na mtu mmoja: Pierre Tremblay wa Randonnai katika Perche, aliyemwoa Ozanne Achon mjini Quebec mwaka 1657. Seremala Zacharie Cloutier, aliyefika kutoka Mortagne-au-Perche mwaka 1634, alikuwa na wazao zaidi ya 10,000 kabla ya mwaka 1800.

## Rejista za parokia

Nchini Ufaransa sheria ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliwaagiza mapadre kuandika ubatizo, na agizo la Blois la mwaka 1579 likaongeza ndoa na mazishi. Walowezi walifika na desturi hiyo. Rejista ya Quebec inaanza mwaka 1621. Moto wa mwaka 1640 uliteketeza kanisa pamoja na kitabu hicho, na mapadre wakakiandika upya kwa kutegemea kumbukumbu za waumini.

Agizo la mfalme la mwaka 1667 lilidai kila rejista iandikwe kwa nakala mbili: moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe mahakamani. Agizo hilo lilianza kutekelezwa katika koloni kuanzia mwaka 1679. Ndiyo sababu hata pale kanisa lilipoungua, mara nyingi majina ya watu hayakupotea. Baada ya ushindi wa Waingereza utaratibu uliendelea, na vitabu vya makanisa vilibaki na nguvu ya kisheria hadi mwisho wa mwaka 1993. Tangu tarehe 1 Januari 1994 vyeti vyote hutolewa na serikali ya Quebec.

Maandishi ya kila tukio hufuata mtindo maalumu:

* Ubatizo hutaja tarehe ya kuzaliwa, majina ya baba na mama (mama kwa jina lake la kuzaliwa), majina ya wasimamizi wa ubatizo, na kama waliohudhuria waliweza kutia sahihi. Kwa kawaida mtoto alibatizwa siku ya kuzaliwa au kesho yake.
* Ndoa hutaja majina ya wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, parokia walikotoka, mashahidi, na vibali vya Kanisa. Mjane aliyeolewa tena mara nyingi alitajwa kwa jina la marehemu mumewe badala ya wazazi wake, hivyo mtafiti hulazimika kutafuta ndoa yake ya kwanza.
* Mazishi hutaja umri na wakati mwingine mume, mke au wazazi. Umri huo mara nyingi ni wa kukisia.

Msomaji wa rejista hizo anapaswa kuzoea vifupisho. Kwa mfano, *8bre* humaanisha Oktoba, si Agosti, kwa sababu neno la Kilatini *octo* ni nane na Oktoba ilikuwa mwezi wa nane katika kalenda ya kale ya Kirumi. Vivyo hivyo *7bre* ni Septemba, *9bre* ni Novemba na *Xbre* ni Desemba.

## Majina

### Majina ya ubatizo

Mtoto alipewa majina kadhaa. Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 karibu kila mvulana Mkatoliki alibatizwa Joseph na karibu kila msichana Marie. Jina lililofuata mara nyingi lilikuwa la msimamizi wa ubatizo, na lile lililotumika nyumbani kwa kawaida lilikuja mwisho. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Joseph Pierre Alfred alijulikana maisha yake yote kama Alfred. Mtoto akifa mchanga, jina lake lingeweza kupewa mdogo wake. Watoto wawili wenye jina moja katika familia moja si lazima wawe kosa la mwandishi.

### Majina ya "dit"

Sifa ya pekee ya koo hizi ni jina la ziada linalounganishwa na lile la kwanza kwa neno *dit* (kwa mwanamke *dite*), maana yake "aitwaye". Hivyo Robert Rivard dit Loranger ni Robert Rivard aitwaye Loranger. Majina hayo yalitofautisha matawi ya ukoo mmoja au watu wenye jina moja katika kijiji kimoja. Asili zake ni mbalimbali:

* Jeshini. Askari alipewa jina la vitani, mara nyingi la utani: Lafleur ("ua"), Sansouci ("asiye na wasiwasi"), Jolicoeur ("moyo mzuri"), Ladouceur ("upole").
* Mahali pa asili. Langevin ni mtu wa Anjou, Picard wa Picardie, Saint-Onge wa Saintonge. Mreno Pedro da Silva, anayekumbukwa kama mpeleka barua wa kwanza wa koloni, aliitwa "le Portugais", yaani Mreno, na baadhi ya wazao wake wakabeba jina hilo.
* Ardhi na mazingira. Desjardins ni "wa bustani", Deschênes "wa mialoni", Larivière "mto".
* Sura au umri. Leroux ni mwenye nywele nyekundu, Lajeunesse ni "ujana".
* Jina la mhenga. Baadhi ya wazao wa Paul Hus huitwa Paulhus.

Baada ya muda tawi moja lilishika jina la kwanza, jingine la pili. Ndugu Nicolas na Robert Rivard walitoka Tourouvre katika Perche wakalowea Batiscan. Nicolas aliitwa Lavigne na Robert Loranger. Leo watu wanaoitwa Rivard, Lavigne na Loranger wanaweza kuwa wa ukoo mmoja ingawa majina yao hayafanani hata kidogo. Kinyume chake, watu wawili wenye jina la Lafleur wanaweza kukosa undugu wowote wa jina, kwa kuwa askari wengi tofauti waliitwa hivyo. Matumizi ya *dit* yalififia katika nusu ya pili ya karne ya 19, kila familia ilipobaki na jina moja.

### Tahajia

Kwa kuwa walowezi wengi hawakujua kuandika, padre aliandika jina kama alivyolisikia. Sauti ya mwisho "o" huandikwa -eau, -ault, -aud au -ot, na Gauthier, Gautier na Gaultier ni jina lilelile. Hata majina ya kigeni yaligeuzwa. Matthias Farnsworth, kijana Mwingereza aliyetekwa mwaka 1704 huko Groton, Massachusetts, akapelekwa Montréal, alibaki Kanada akawa Mkatoliki. Jina lake kwa matamshi ya Kifaransa likawa Phaneuf, nalo ni jina la kawaida Quebec hadi leo.

### Majina ya wanawake

Katika rejista, mikataba na mahakama mwanamke alibaki na jina alilozaliwa nalo. Ndiyo maana nasaba ya mama haikatiki, tofauti na nchi ambako jina la bibi hupotea siku ya harusi. Katika maisha ya kila siku, hasa katika karne ya 19 na ya 20, mke aliitwa "Bibi" pamoja na jina la mumewe, lakini matumizi hayo hayakufuta jina lake katika kitabu cha kanisa.

Desturi hiyo ya kale iligeuka kuwa sheria mwaka 1981. Kwa ndoa zilizofungwa tangu tarehe 2 Aprili mwaka huo, mume na mke katika Quebec hutumia kila mmoja jina lake la kuzaliwa katika mambo yote ya kiraia. Wanawake waliokuwa wameolewa na kutumia jina la mume kabla ya hapo waliruhusiwa kuendelea nalo. Mtoto anaweza kupewa jina la baba, la mama, au sehemu kutoka kwa wote wawili, mradi zisizidi mbili. Watoto wengi waliozaliwa katika miaka ya 1980 na 1990 wana majina mawili yaliyounganishwa, na wao wenyewe wanapozaa hulazimika kuchagua ni jina gani liendelee.

## Kutawanyika

### Waakadia

Akadia ilikuwa koloni jingine la Wafaransa, katika eneo ambalo leo ni Nova Scotia na majirani zake. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwakamata Waakadia na kuwahamisha kwa nguvu. Hadi mwaka 1763 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wamefukuzwa, familia nyingi zikatenganishwa, na rejista nyingi zikapotea. Rejista za Grand-Pré zilisalia kwa sababu waliofukuzwa walizibeba wenyewe, nazo zimehifadhiwa Louisiana, Marekani. Waakadia waliopelekwa kisiwa cha Belle-Île-en-Mer nchini Ufaransa walitakiwa mwaka 1767 kueleza nasaba zao kwa kiapo, mtu mmoja baada ya mwingine. Maelezo hayo, yaliyotoka vichwani mwa wakimbizi, sasa ni chanzo muhimu cha kuziba mapengo ya vitabu vilivyopotea.

### Marekani

Kati ya miaka 1840 na 1930 Wakanada Wafaransa takriban 900,000 walihamia Marekani, hasa kwenye viwanda vya nguo vya majimbo ya kaskazini-mashariki. Huko majina mengi yalitafsiriwa au kuandikwa kwa matamshi ya Kiingereza: Boisvert akawa Greenwood, Leblanc akawa White, Roy akawa King, Lévesque akawa Bishop, na Benoit akawa Benway. Mjukuu anayetafuta asili ya jina King kwa Waingereza hatapata kitu.

Mwandishi Jack Kerouac alizaliwa Lowell, Massachusetts, mwaka 1922, kwa wazazi kutoka Quebec. Mwaka 1965 alisafiri hadi Ufaransa kutafuta asili ya jina lake bila kufanikiwa, na alifariki mwaka 1969. Miaka mingi baadaye watafiti walimtambua mhenga wake kuwa Urbain-François Le Bihan wa Huelgoat katika Bretagne, ambaye alipofika Kanada alijiita kwa namna tofauti. Kerouac alikuwa akifuata jina ambalo mhenga mwenyewe alikuwa amelibadilisha.

## Namna ya kufuatilia ukoo

Kanuni ya msingi ni kuanza na yale yanayojulikana na kurudi nyuma hatua kwa hatua.

1. Ndugu wazee huulizwa majina, parokia na tarehe. Vyeti, kadi za mazishi na maandishi ya makaburini hukusanywa.
2. Hutafutwa ndoa ya wazazi, ambayo hutaja babu na bibi wa pande zote mbili. Kisha hutafutwa ndoa za hao babu na bibi. Mnyororo huo wa ndoa ndio uti wa mgongo wa nasaba.
3. Mnyororo ukikatika, hutafutwa jina la *dit*, tahajia nyingine, au parokia ya bibi harusi, kwa kuwa ndoa nyingi zilifungwa huko.
4. Kibali cha kuoana licha ya undugu huangaliwa kwa makini. Katika hesabu ya Kanisa ya wakati huo, "daraja la tatu" huonyesha kwamba maharusi walichangia babu au bibi wa wazazi wao.
5. Nyaraka za wathibitishaji wa mikataba (kwa Kifaransa: *notaires*) hukamilisha picha: mikataba ya ndoa, mauzo ya ardhi, orodha za mali ya marehemu. Mkataba wa ndoa pekee si ushahidi wa ndoa, kwa sababu baadhi ya mikataba ilivunjwa kabla ya harusi.
6. Ndoa ya mhenga wa kwanza mara nyingi hutaja parokia yake nchini Ufaransa, na hapo utafiti huendelea katika hifadhi za nyaraka za huko.

Vyanzo vilivyochapishwa ni vingi. Padre Cyprien Tanguay alitoa kamusi ya nasaba za familia za Kanada katika juzuu 7 kati ya miaka 1871 na 1890. Kazi hiyo ilifungua njia, lakini ina makosa mengi, na kwa kipindi cha hadi mwaka 1730 watafiti hutegemea zaidi kamusi ya René Jetté ya mwaka 1983. Shirika la nasaba la Wakanada Wafaransa (Société généalogique canadienne-française) lilianzishwa Montréal mwaka 1943 na padre Archange Godbout. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Montréal kilianzisha mradi wa demografia ya kihistoria unaojulikana kwa kifupi PRDH, ambao umeunganisha kumbukumbu za rejista na kuwa faili za watu na familia. Taasisi ya Drouin ilipiga picha rejista za parokia kwa mikrofilamu, na picha hizo sasa husomwa kwenye intaneti.

## Wasioonekana vizuri katika rejista

Ukamilifu wa rejista una mipaka. Mwanahistoria Marcel Trudel alitambua watumwa zaidi ya 4,000 walioishi katika koloni hilo, takriban theluthi mbili yao wakiwa watu wa mataifa asilia na wengine Waafrika. Wengi waliandikwa kwa jina la ubatizo tu pamoja na jina la mmiliki wao, bila wazazi, hivyo wazao wao hawawezi kufuata mnyororo uleule. Watoto waliookotwa waliandikwa "wazazi hawajulikani".

Nasaba imezua pia mabishano ya haki. Baadhi ya watu wanaogundua mhenga mmoja wa mataifa asilia katika karne ya 17 hudai haki za watu hao. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Kanada, katika kesi ya Powley, iliamua kwamba haki za Wametisi hazitokani na uhusiano wa nasaba peke yake: mdai sharti pia ajitambulishe na kukubaliwa na jumuiya ya Kimetisi ya sasa inayoendeleza ile ya kihistoria.

## Nasaba na afya

Kwa kuwa wahenga walikuwa wachache, baadhi ya magonjwa ya kurithi yameenea zaidi katika maeneo fulani, hasa Charlevoix na Saguenay–Lac-Saint-Jean. Mifano ni tairosinemia ya aina ya 1, inayoharibu ini la mtoto, na aina ya ataksia inayoitwa kwa majina ya maeneo hayo. Katika Saguenay–Lac-Saint-Jean mtu mmoja kati ya 20 hivi hubeba jeni ya tairosinemia bila kuugua. Hatari haitokani na ndoa za ndugu wa karibu, bali na wahenga wachache wa mbali ambao karibu kila mtu huko anawachangia. Rejista zilizoandikwa na mapadre kwa ajili ya sakramenti huwasaidia watafiti kufahamu jinsi jeni hizo zilivyosambaa, na watu wazima wa eneo hilo wanaweza kupimwa kabla ya kuzaa.

## Tazama pia

* Quebec
* Ufaransa Mpya
* Akadia
* Wametisi